Semeni Mmenifunga

Kila mtu katika ile nyumba ya wazee alimwita Afande, naye hakukataa. Alikuwa askari magereza tangu usichana wake, akapanda cheo baada ya cheo mpaka akawa mkuu wa gereza la wanawake, na alipostaafu alirudisha sare lakini sauti akabaki nayo. Akikuambia "pisha," unapisha kwanza, ndipo unajiuliza kwa nini umepisha.

Mwili ndio uliomgeuka. Aliteleza bafuni kwa binti yake, nyonga ikavunjika, akapasuliwa, akawekewa chuma. Binti alikuwa anaishi ghorofani, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa zamani na hakuna aliyejisumbua hata kuiomboleza. Basi wakakubaliana, mama na mwana, kwamba akae kwanza pale kwa wazee mpaka miguu irudi. Siku atakapoweza kupanda ngazi mwenyewe, siku hiyo hiyo anarudi nyumbani. Asipoweza, ndiyo basi tena, kitanda cha karibu na dirisha ni chake mpaka Mungu amkumbuke.

Sasa niambieni, mtu mwenye makubaliano ya namna hiyo atakubali kukaa kitako? Kila asubuhi alikuja mtaalamu wa mazoezi akamtembeza korido nzima, yeye na fremu yake ya chuma ya kushikilia. Na mchana, baada ya chakula, Afande alitaka kurudia mwenyewe. Hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Kila mchana wahudumu wengi walikwenda zao na zamu ikabaki kwa mama mmoja tu. Walimwita Haraka, kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni. Haraka babu, haraka bibi, haraka mwenzangu nakuja. Hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Lakini alikuwa peke yake, na ukumbi umejaa wazee: huyu anataka choo, yule anataka maji, mwingine anataka kwenda kazini kwenye kiwanda kilichofungwa zamani. Basi Haraka alifanya kile walichofanya wenzake wote kabla yake. Alichukua shuka lililokunjwa likawa mkanda mpana, akamzungushia mzee kifuani, akalipitisha nyuma ya kiti, akalikaza mafundo mawili mahali ambapo mkono wa mzee haufiki. Na kitendo hicho kilikuwa na jina lake. Kiliitwa kumbatio.

"Bibi wa kwenye kona kakumbatiwa?"

"Tayari. Mkumbatie na yule babu, naona anaanza kuinuka."

Ndivyo walivyosema siku zote, mbele za watu, bila hata kupepesa macho.

Siku ya kwanza Haraka alipomjia na shuka, Afande alikuwa ameshashika fremu anataka kusimama. Alirudishwa kitini kwa upole, shuka likapita, na kabla hajajua kinachoendelea akasikia mafundo yanakazwa mgongoni.

"We mama! Unafanya nini?"

"Nakukumbatia tu, Afande. Mpaka chai ya jioni."

"Unanifunga."

"Aa, Afande naye! Nani akufunge? Hapa hatufungi mtu."

"Basi niache niende zangu."

"Utakwendaje sasa, na umeshakumbatiwa?"

Afande alitazama kifua chake. Alijaribu kusogea, shuka likamrudisha. Jamani, huyu ni mtu aliyewatia watu pingu miaka nenda miaka rudi, za mikono na za miguu, na hakuwahi hata siku moja kumwambia mfungwa kwamba anamvisha bangili. Kule pingu iliitwa pingu na mnyororo uliitwa mnyororo. Aliyefungwa alijua amefungwa, alijua kosa lake ni lipi, alijua anatoka lini, na akiona ameonewa alijua pa kwenda kulalamika. Leo yeye, mwenye nyonga ya chuma na asiye na kosa, amebanwa kwenye kiti na anaambiwa anapendwa! Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Mimi nimefunga watu wewe hujaota meno. Ukinifunga, sema umenifunga. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Haraka akacheka, akampigapiga begani, akakimbilia kwa mtu aliyekuwa anaita choo.

Ikawa hivyo kila mchana. Afande alipiga kelele, wakamwambia tulia. Alikaa kimya, wakamsifu kwamba ameanza kuzoea. Alijaribu kuyafikia mafundo, akaishia kuteguka bega. Alijaribu hata kujivuta na kiti chake, akafika katikati ya ukumbi mguu wa kiti ukanasa kwenye zulia, wote wawili wakakaa pale mpaka chai, yeye na kiti, wamenuniana.

Miguu nayo ikaanza kusema. Asubuhi zilizotangulia alikuwa anafika mwisho wa korido na kurudi, sasa akifika mlango wa jiko magoti yanamcheza. Mtaalamu wa mazoezi akakuna kichwa. "Mbona tunarudi nyuma, Afande? Mchana huwa unatembea?"

"Mchana huwa nimefungwa."

"Umefungwa?"

"Waulize wao, watakuambia nimekumbatiwa."

Yule bwana akacheka kidogo, akaona macho ya Afande, akaacha kucheka. Lakini alikuwa anakuja asubuhi tu, mchana yuko sehemu nyingine, na hakuwa na amri yoyote pale.

Afande akamwendea Msimamizi wa nyumba. Huyu alikuwa mama nadhifu mwenye sauti laini, wa kukuita "mama yangu" huku anakunyima unachokitaka. Ofisi yake ilikuwa juu, lakini alikuwa anashuka kila asubuhi kuwasalimia wazee, na ndipo Afande alipomnasa.

"Mama yangu, sisi tunakupenda," alisema Msimamizi. "Ukianguka tena, nyonga ile haitengenezeki. Kumbatio ni kwa ajili yako."

"Neno hilo mlilitoa wapi?"

"Neno gani?"

"Hilo. Kumbatio."

Msimamizi akatabasamu. "Ni neno zuri, la upendo. Mimi nililikuta."

Afande akamuuliza Haraka. "Nililikuta," akasema Haraka. Akamuuliza mpishi, akamuuliza mfuaji, akamuuliza mlinzi wa getini ambaye hata ukumbini hakuwa akiingia. Wote walilikuta. Haya, ni neno gani hili ambalo kila mtu amelikuta na hakuna aliyelileta? Afande alikuwa mtu wa amri maisha yake yote, na alijua kwamba amri haijitoi yenyewe. Mahali fulani alikuwepo mtu aliyesimama na shuka mkononi, akatafuta la kusema, akasema hilo. Alimtaka mtu huyo. Alitaka amtazame usoni.

Lakini lililomkata maini si la wahudumu. Binti yake, ambaye alikuwa na duka la miwani mjini, alikuja Jumapili moja na matunda na gauni jipya. Afande akamweleza yote, akamwonyesha na alama nyekundu ubavuni. Binti alisikiliza huku anakunja na kukunjua mkoba.

"Mama, walinieleza tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyewakubalia."

"Umewakubalia nini?"

"Kwamba... wakukumbatie mchana. Ni kwa usalama wako tu, mama. Si kitu kibaya."

"Wangekuambia wananifunga, ungekubali?"

"Mama, tusianze."

"Nakuuliza swali, mwanangu. Ungekubali?"

Binti akatazama saa, akasema amemwacha mteja dukani, akamwachia matunda mezani. Afande hakula hata moja. Alikuwa amelia mara chache sana katika maisha yake na mara zote chooni, na siku ile alikwenda chooni.

Chumbani alikuwa analala na bibi mmoja mkimya waliyemwita Mama Redio. Mama Redio alikuwa na redio ndogo aliyoiweka sikioni kutwa nzima, na kwa sababu hakuwa mtu wa kuinuka-inuka, mchana walimwacha na redio yake, hawakumgusa. Alikuwa anaitikia salamu, anasema asante, basi. Asubuhi iliyofuata Afande alikuwa anajivisha soksi kwa tabu na kubwabwaja mwenyewe.

"Nikimpata aliyeliumba hilo neno! Nitamkumbatia mimi, nimkumbatie mpaka akome, mpaka aombe pingu kwa hiari yake!"

Mama Redio akazima redio. Afande alishtuka, maana hakuwahi kuisikia imezimwa.

"Ni langu," alisema Mama Redio.

"Nini chako?"

"Hilo neno. Ni langu mimi na mume wangu."

Akaeleza, polepole, kwa sauti iliyokauka kwa kutotumika. Mume wake alikuwa dereva wa malori. Kiharusi kilimchukua upande mmoja wa mwili, wakamleta hapa, enzi hizo nyumba bado mpya na Msimamizi alikuwa mwingine. Mwili ulilala lakini kichwa kilikuwa bado kiko barabarani. Kila akimaliza kula alitaka kuinuka akaangalie matairi, na kila akiinuka alianguka.

"Basi nikawa nafunga safari kila siku," alisema Mama Redio. "Nakaa nyuma yake kwenye benchi, namzungushia mikono kifuani, hivi. Anatulia. Tunasikiliza redio. Akisema twende kwenye matairi, nainuka naye. Sikumwachia, lakini sikumzuia, unanielewa? Tunajikokota mpaka nje, anapiga teke tairi la gari la mtu, anaridhika, tunarudi. Wahudumu wakawa wanatutania: mzee yuko kwenye kumbatio lake. Ndiyo mwanzo wake. Hakuna mwingine."

"Na shuka?"

"Homa ilinilaza. Siku niliyopata nguvu nikaja, nikamkuta kafungwa shuka kifuani, kainamisha kichwa. Nikauliza, nini hiki? Wakaniambia, mama hukuwepo, tumemfanyia kumbatio la shuka. Wakacheka, wanadhani wamenifurahisha. Nilimfungua. Kila nilipokuja nilimfungua, na kila nilipochelewa nilimkuta tena. Na siku waliyoniita kuniambia amefariki, nilimfungua mara ya mwisho. Nililifungua fundo mwenyewe kwa meno, vidole vilikuwa havishiki. Neno walilichukua kwangu. Mikono wakaiacha."

Afande alikaa na soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Siku zote alimtafuta mtu wa kumlaumu, na mtu huyo alikuwa ameibiwa.

"Na wewe umekaa humu unalisikia hilo neno kila siku?"

"Unadhani redio naiweka sikioni kwa nini?"

"Mwenzangu," alisema Afande, na sauti yake ilishuka kwa mara ya kwanza tangu aingie mle, "Jumapili hii usiiwashe."

Jumapili ilifika na binti akaja, safari hii mikono mitupu. Ilionekana ameshaongea na Msimamizi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mama yake goti.

"Mama, wanasema miguu haiji. Wanasema nisikupe matumaini ya bure. Labda tukubali tu ubaki hapa. Nitakuwa nakuja kila wiki."

Afande alijua siku hiyo itafika, lakini moyo ulimlipuka hata hivyo. Alimtazama mwanawe, uso uliochoka, wanja umemchuruzika kidogo. Hakumchukia. Alitaka kumchukia akashindwa.

"Sawa," alisema. "Nitakujibu. Ila leo usikimbilie dukani. Kaa mpaka baada ya chakula."

Chakula kililiwa. Vyombo vikaondolewa. Wageni wengine walikuwa wameshaaga, wahudumu wa asubuhi wamekwenda, na Haraka akaanza kuzunguka ukumbini na mashuka yake begani. Alikumbatia mmoja, akakumbatia wa pili. Akamkumbatia Fundi Saa, mzee aliyekuwa anatengeneza saa zamani na ambaye watu walikwishasahau sauti yake. Akafika kwa Afande.

"Haraka Afande, nina mengi leo."

Afande alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti. "Mimi leo sipigani na wewe. Nimechoka. Nitakaa kimya, leo na kesho na siku zote zilizobaki, hutanisikia. Mpaka nife. Nina sharti moja tu."

"Haya, sema."

"Useme nakufunga. Halafu ufunge."

Haraka akacheka. Afande hakucheka. Binti, aliyekuwa amesimama pembeni, akasema, "Mama, jamani."

"Neno moja tu. Kwani ni zito? Nakufunga. Basi, nakuwa mtoto mzuri."

Haraka akainua shuka, akafungua mdomo, akaufunga. Akajaribu tena. "Afande, naku... naku..." Akatazama dari. "Mbona unanitesa? Mimi nina watu ukumbi mzima!"

"Nani anamtesa mwenzake hapa? Si useme tu."

Ajabu ya Mungu! Mikono yake ilikwishafanya kitendo kile mara zisizo na hesabu, lakini mdomo ukagoma kabisa. Alisimama pale na shuka linaning'inia, wazee wakaanza kugeuza vichwa, hata waliokuwa wanasinzia. Mpishi alichungulia kutoka jikoni. Mtu akapanda juu kumwita Msimamizi.

Msimamizi alishuka na tabasamu lake. Alipoelezwa, tabasamu likapungua upande mmoja.

"Mama yangu, sisi hapa hatutumii lugha hiyo. Wazee wetu wana heshima zao. Kumbatio..."

"Lisikutoke tena hilo neno!"

Aliyepaza sauti si Afande. Mama Redio alikuwa amesimama, ameshikilia mgongo wa kiti. Redio yake ilikuwa imelala kitini, kimya.

"Usilitie mdomoni. Mimi nilimshika mume wangu katika ukumbi huu kwa mikono hii. Alipoinuka niliinuka naye. Shuka linainuka na mtu? Eh? Shuka lilimtoa nani nje akaone jua? Lina jina lake hilo shuka, mtafutieni. La kwangu nirudishieni."

Msimamizi akamgeukia binti wa Afande, kwa sauti ile laini lakini sasa imeingia ukali. "Dada, wewe ndiye mhusika. Tulikubaliana. Kama mama hatulizwi, mimi siwezi kubeba dhamana yake hapa."

Binti alikuwa amepigwa na butwaa, uso umemshuka kwa aibu. "Mama, unanidhalilisha mbele za watu. Unataka nini?"

"Ninachotaka nimekisema. Haraka hawezi, mwache, ana haki yake. Funga wewe. Wewe ndiye uliyekubali. Chukua shuka, sema, funga. Nimeahidi sitasogea na sisogei."

Binti alilichukua shuka. Nadhani alilichukua kwa hasira, apate tu kumaliza fedheha ile. Alimzungushia mama yake kifuani, akapita nyuma ya kiti.

"Nakufunga, mama," alisema, kwa sauti ndogo.

Akakaza fundo la kwanza.

Afande hakusogea. Alikaa vile vile, mikono magotini, anatazama mbele. Ahadi ni ahadi, na yeye hakuwa mtu wa kula maneno yake. Aliuliza tu, kwa utaratibu, maswali ambayo kila aliyewahi kupita mikononi mwake alikuwa na haki ya kuyauliza.

"Kosa langu ni lipi?"

"Huna kosa, mama."

"Nafunguliwa lini?"

Binti alikuwa bado nyuma ya kiti, ncha za shuka mkononi, anatazama kisogo cha mama yake, nywele nyeupe zilizobaki chache, ile shingo aliyoishikilia akibebwa mgongoni tangu hajajua kutembea. Fundo la pili likamshinda. Akaanza kulia, kilio cha kwikwi, cha mtu mzima anayejaribu kukizuia.

"Na mimi nimefungwa," alisema mtu.

Watu wote wakageuka. Alikuwa Fundi Saa. Aliinua kidole, kama anayeomba ruhusa, kisha akakielekeza kifuani kwake. "Hapa. Nimefungwa."

"Hata mimi," alisema bibi wa kwenye kona.

Haraka akayatupa mashuka yote sakafuni. "Ndiyo, nawafunga!" alipiga kelele. "Haya, nimesema! Nawafunga kila siku, kwa sababu niko peke yangu! Nimeomba mwenzangu wa mchana mpaka ulimi umeniota sugu, naambiwa wewe wakumbatie tu. Niwakumbatie kwa mikono mingapi?" Na hapo hapo akaenda kwa Fundi Saa, akapiga magoti nyuma ya kiti chake, akaanza kuhangaika na mafundo yake mwenyewe.

"Mhudumu, jizuie," alisema Msimamizi.

"Nijizuie nini? Nifukuze basi, uje uwafunge wewe. Na useme!"

Binti alikwishafungua. Shuka lilianguka mapajani mwa Afande, naye akalisukuma chini kwa ncha za vidole.

"Fremu yangu," alisema.

"Mama, pumzika kwanza. Umeshinda."

"Nani kakuambia nilikuwa nashindana? Mimi nataka kwenda nyumbani. Nipe fremu."

Akapewa. Aliinuka, magoti yakamcheza, akayangoja mpaka yakatulia. Kisha akaanza kuvuka ukumbi, hatua moja, fremu, hatua moja, fremu. Hakwenda mlangoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye zile ngazi za kupanda ofisini kwa Msimamizi, akaiegesha fremu ukutani, akakamata chuma cha pembeni kwa mikono miwili.

"Hapana," alisema Msimamizi. "Hapana, hapana. Mtu wa mazoezi hayupo. Nakataza."

"Kataza. Hiyo ni amri, naielewa. Iko wazi, nami naivunja wazi."

Akapanda ngazi ya kwanza. Binti alikuwa nyuma yake, mikono ameitanua hewani, hagusi. Afande akapanda ya pili, mguu mzima kwanza, ule wa chuma unafuata unaburuta. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni. Mama Redio alikuwa amefika chini ya ngazi, na Haraka, na Fundi Saa ameshikwa mkono na mpishi, wote wametoa macho. Akapanda nyingine. Akapanda na nyingine. Alikuwa amefika karibu na katikati, anatafuta pa kuweka kisigino, goti likakunjika bila kumpa taarifa.

Alikwenda chini kwa makalio, puu, kwa upande wa nyonga nzima. Binti alimdaka mabega kabla hajabingirika, wakaishia wamekaa wote wawili, mmoja ngazi ya juu, mwingine ya chini yake, wanahema.

"Si nilisema?" Sauti ya Msimamizi ilikuwa imepoteza ulaini wote. "Si nilisema ataanguka?"

Binti akageuka haraka, uso bado umelowa. "Hajaanguka! Amekaa tu. Amekaa kidogo apumzike, si ndiyo, mama?"

Afande alimtazama mwanawe. Akayagusa magoti yake, moja baada ya jingine, akaona bado yako. Akainua uso kwa wote waliosimama pale chini.

"Sijakaa," alisema. "Nimeanguka. Nilikuwa napanda, nikaanguka. Ninyanyue, mwanangu, imebaki nusu."